Rickenbacker: nani alianza gitaa la umeme, na ile sauti inatoka wapi?

Msomaji mmoja anayepiga gitaa la nyuzi 6 kwenye bendi ameniuliza hivi: wenzake wanasema kampuni ya Fender ndo walioanza gitaa la umeme, yeye kasikia ni Rickenbacker, nani yuko sahihi? Alafu anataka kujua kwa nini magitaa ya Rickenbacker yana maumbo yasiyofanana na ya mtu mwingine, ile sauti yao kali inayong'aa inatoka wapi, na kama anaweza kuipata kwenye gitaa alilonalo.

Ndugu yangu swali lako ni zuri sana na mi nayapenda haya magitaa kupita kiasi kwa hiyo vumilia, jibu litakuwa refu. Nianze na ubishi wenu. Wewe uko sahihi, ila wenzako nao hawajakosea kabisa, manake Rickenbacker na Fender walifanya mambo mawili tofauti. Na kitu cha kushika mapema ni kwamba Rickenbacker ni kama kampuni mbili ndani ya jina moja. Ile ya kwanza ilikuwa ya watu wa umeme na chuma, ya pili ikawa ya fundi wa mbao. Ukizichanganya hutaelewa kitu.

Rudi miaka ya 20 huko Los Angeles. Marekani nzima ilikuwa imepagawa na muziki wa Hawaii, lile gitaa la kulaza mapajani unateleza chuma juu ya nyuzi. Shida ikawa moja tu, gitaa halisikiki. Likikaa pembeni ya tarumbeta na ngoma limeshapotea. Kulikuwa na mpigaji anaitwa George Beauchamp ambaye hilo lilikuwa linamkera, kwanza akashirikiana na akina Dopyera kwenye kampuni ya National, wakatengeneza magitaa ya chuma yenye koni za aluminiamu ndani zinazokuza sauti. Yalisaidia lakini hayakutosha. Sasa zile bodi (viwiliwili) za chuma za National zilikuwa zinatengenezwa kwenye karakana ya jamaa mmoja mzaliwa wa Uswisi, Adolph Rickenbacker, ambaye hakuwa fundi wa magitaa hata kidogo, alikuwa mtu wa mashine na mitambo ya kufinyanga chuma. Hapo ndo wawili hawa walipokutana.

Beauchamp akili yake ilienda mahali ambapo wengine hawakufika. Wengine walioweka umeme kwenye gitaa kabla yake, mfano Stromberg-Voisinet wa Chicago mwaka 1928, walikuwa wanajaribu kunasa mtikisiko wa ubao wa gitaa. Yeye akasema hapana, tunase uzi wenyewe. Akachukua sumaku mbili za umbo la kiatu cha farasi akazipanga ili nyuzi zipite katikati yake, chini ya nyuzi akaweka koili ya waya mwembamba na vijiti 6 vya chuma, kimoja kwa kila uzi. Uzi wa chuma ukitikisika ndani ya uga wa sumaku unauvuruga, ule mvurugiko unazalisha umeme kidogo sana ndani ya koili, umeme unaenda kwenye amplifaya, basi. Hiyo ndo pikapu, na gitaa lolote la umeme unalolijua leo, hilo lako likiwemo kama ni la kawaida, linafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Ndo maana nyuzi za nailoni hazitoi kitu kwenye pikapu ya sumaku.

Mwaka 1931 mwenzake wa National, Harry Watson, akachonga mfano wa kwanza kwa mbao, una bodi ya duara ndogo na shingo ndefu. Na wewe unauliza kuhusu maumbo, basi sikiliza hili vizuri. Ile duara ndogo si urembo wala si ubahili. Kama pikapu inasikiliza uzi, tumbo la gitaa lina kazi gani tena? Halina. Na zaidi ya kutokuwa na kazi lina madhara, kwa sababu tumbo lenye uwazi linatetemeshwa na sauti ya amplifaya yenyewe, sauti inarudi, inazunguka, mwisho gitaa linapiga yowe. Kwa hiyo wakalitoa. Toleo la kuuza lililoanza 1932 likawa la aluminiamu tupu ya kumimina, kichwa, shingo na bodi kipande kimoja. Watu wakalibatiza Frying Pan kwa sababu kweli linafanana na kikaango, lakini jina lake la kazi lilikuwa A-22 na A-25 kutokana na urefu wa nyuzi kwa inchi. Oktoba 1932 mpigaji Gage Brewer akalipiga mbele ya watu huko Wichita, Kansas, na hilo ndo onyesho la kwanza la gitaa la umeme ambalo kumbukumbu yake imeandikwa.

Kwa hiyo ukirudi kwa wenzako waambie hivi: gitaa la kwanza la umeme lenye pikapu ya sumaku kutengenezwa kwa ajili ya kuuzwa ni hili, 1932, miaka 18 kabla Leo Fender hajatoa gitaa lake la Broadcaster mwaka 1950. Alichofanya Fender ni kuchukua bodi ngumu ya mbao, shingo ya skrubu, akalifanya gitaa la kushika kawaida litengenezeke haraka na liuzike kwa wingi. Ni kazi kubwa sana nayo. Ila pikapu hakuianza yeye.

Hati ya uvumbuzi nayo ina kisa chake. Beauchamp aliomba 1934, ikatoka tarehe 10 Agosti 1937. Wakaguzi walikuwa na mashaka kama kile kitu kinafanya kazi kweli, na kampuni yenyewe inasimulia kwamba ilibidi wamtume Sol Hoopii, bingwa wa gitaa la Hawaii wa enzi hizo, na wapigaji wengine wakapige mbele ya wakaguzi Washington. Sasa fikiria, hadi karatasi inatoka, kampuni ya Gibson walishakuwa na gitaa lao la umeme sokoni tangu 1936 na wengine wengi wameingia, hakukuwa na namna ya kuwazuia. Beauchamp akatoka kwenye kampuni 1940, mwaka uliofuata akafariki. Mi naona ni mtu ambaye hakupewa heshima yake, jina lililobaki kwenye gitaa si lake.

Aluminiamu iliwatesa pia. Taa za jukwaani zikiipasha moto inatanuka, gitaa linatoka kwenye tyuni katikati ya wimbo. 1935 wakahamia bakelaiti, ile plastiki ngumu nyeusi ya zamani, wakatengeneza hadi la kushika kawaida, na shingo yake ilikuwa inafungwa kwa skrubu, miaka 15 kabla ya Fender. Alafu 1937 wakaja na kituko kingine, Vibrola Spanish, lina mota ya umeme ndani inayotikisa briji, pale nyuzi zinapokalia kwenye bodi, ili sauti iyumbe yenyewe, zito mpaka likawekewa stendi yake. Aliyebuni utaratibu huo ni Doc Kauffman, na huyu Kauffman ndo baadaye akawa mshirika wa kwanza wa Leo Fender. Unaona jinsi hizi nyumba mbili zilivyoingiliana, wote walikuwa kusini mwa California na mafundi walikuwa wanahama kutoka huku kwenda kule.

Vita ikaja uzalishaji ukasimama, vita ikaisha Rickenbacker mwenyewe moyo wake haukuwa tena kwenye magitaa, na 1953 akauza kampuni kwa F.C. Hall. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Santa Ana ambaye kampuni yake ndo ilikuwa inasambaza magitaa ya Fender, kwa hiyo aliona kwa macho yake soko linaenda wapi. Magitaa ya mapajani yalikuwa yanakufa. Hapa ndo inaanza ile Rickenbacker ya pili, na ndo hiyo uliyoiona wewe.

Hall alifanya jambo moja la maana kuliko yote, 1954 alimwajiri Roger Rossmeisl. Mjerumani, baba yake alikuwa mtengenezaji wa magitaa, amesomea ufundi huo kwao, alipita Gibson muda mfupi akahamia hapa. Linganisha na Fender aliyekuwa fundi redio anayefikiria gitaa kama kitu cha kukata kwa mashine na kubadilisha vipuri. Rossmeisl alikuwa anafikiria kwa mkono wa mchongaji. Ukiangalia kingo za Combo 600 na 800 za mwaka 1954 utaona uso wa gitaa umechongwa mfereji unaozunguka pembeni, ule ni ufundi wa Kijerumani kabisa, kwenye magitaa ya Marekani ya wakati ule ulikuwa mgeni. Combo 400 ya mwaka 1956 ikaleta shingo inayopita katikati ya bodi mpaka mkiani, kipande kimoja, na mabawa mawili yamegundishwa kushoto na kulia. 1957 wakafanya hivyohivyo kwenye gitaa la besi, ile 4000 yenye pembe zinazojikunja kama wimbi. 1958 ikaja familia ya Capri, na humo ndo zimo modeli za 325, 330 na 360.

Jinsi hizi 330 na 360 zinavyotengenezwa inahusu moja kwa moja swali lako la sauti. Gitaa la kawaida lenye uwazi unakunja mbao za pembeni, unagundisha uso juu na mgongo chini. Rickenbacker wanachukua ubao wa mepo (maple), wanauchimba kutokea nyuma mpaka unabaki uso na kuta, alafu wanafunika mgongo. Uso na kuta ni ubao mmoja. Unapata bodi nyepesi yenye uwazi ndani lakini ngumu sana, na mepo ni mbao ngumu, shingo nayo mepo. Linajibu haraka, halina ule uvivu wa sauti nzito ya chini. Kuhusu kutofautisha, 330 ni ya kawaida, ina vitone kwenye shingo, 360 ni ya kifahari, ina pembetatu kubwa za kung'aa, na kuanzia 1964 kingo zake za mbele zikalainishwa zisiume mkono. Kwa sikio langu sauti ni ileile, ukiipata 330 usijione umepunjwa.

Sasa pikapu. Zile za miaka ya 60 zinaitwa toaster, kwa sababu ya ile mistari miwili myeusi juu ya chuma inayofanana na mashine ya kuchomea mkate. Nguvu yake ni ndogo, na huo udogo ndo utamu wake, haibani sauti za juu. Mwishoni mwa miaka ya 60 wakaanza kuhamia pikapu zenye nguvu zaidi, sauti ikawa nene na kali. Na kuna siri nyingine ambayo watu wengi hawaijui, kwenye njia ya pikapu ya briji waliweka kapasita, kifaa kidogo cha umeme, ya mikrofaradi 0.0047 inayozuia sauti nzito za chini zisipite. Yaani pikapu ya briji inabaki na makali tu, ukiichanganya na ya shingoni moja inaleta mwili nyingine inaleta mng'ao. Ile nobu ndogo ya 5 inayowachanganya watu ndo ya kurekebisha mchanganyiko huo. Usiiguseguse bila kusikiliza.

Kuna na kitu kinaitwa Rick-O-Sound, kilianza 1960, ni tundu la pili la waya linalotoa stereo, pikapu ya shingoni inaenda amplifaya moja na ya briji inaenda nyingine. Ukichomeka waya wa kawaida kwenye tundu hilo pikapu moja inakaa kimya. Nimeletewa magitaa mazima kabisa kwa ajili hiyo tu, mtu amekata tamaa anasema pikapu imeungua.

Nyuzi 12 ndo kilele. John Lennon wa Beatles alikuwa ameshanunua 325 huko Hamburg mwaka 1960, kigitaa kifupi chenye pikapu 3, akawa anapiga nacho kila mahali. Februari 1964 Beatles wanafika New York kwa mara ya kwanza, Hall akasafiri na mzigo wake akawasubiri huko. George Harrison, mpigaji gitaa wao, alikuwa mgonjwa hotelini, koo linamsumbua, wakampelekea 360/12, yaani 360 ya nyuzi 12, mojawapo ya zile za mwanzo kabisa kutengenezwa. Mwaka huohuo ikasikika kwenye A Hard Day's Night, ile kodi (chord, noti kadhaa kwa pamoja) moja ya kufungulia wimbo ambayo watu mpaka leo wanabishana ina noti gani. Roger McGuinn wa bendi ya Byrds akaiona kwenye filamu ya Beatles yenye jina hilohilo, akatafuta la kwake, na 1965 ikatoka Mr. Tambourine Man, baada ya hapo kila bendi ilitaka ile sauti.

Ubunifu wa kile kichwa cha nyuzi 12 mi naona ni moja ya mambo mazuri zaidi yaliyowahi kufanywa kwenye magitaa. Kwa kawaida pegi 12 za kukazia nyuzi zinafanya kichwa kiwe kirefu na kizito mpaka gitaa linainamia chini. Wao wakaweka pegi 6 pembeni kama kawaida, na 6 nyingine wakazigeuza zielekee nyuma ndani ya mifereji, kama za gitaa la klasiki, kwa hiyo kichwa kikabaki saizi ya gitaa la nyuzi 6. Alafu wakageuza mpangilio wa nyuzi. Kwenye magitaa mengine ya nyuzi 12, kwenye zile jozi 4 za chini, uzi mwembamba ndo unaguswa kwanza piki ikishuka. Rickenbacker wanatanguliza mnene, mwembamba unafuata nyuma yake. Ni tofauti ndogo sana ya wakati lakini sikio linaisikia, noti inakuja imara kwanza alafu mng'ao unaifuata. Nyuzi zote hizo ziko kwenye shingo yenye upana wa milimita 41 hivi pale juu, kwa hiyo kama una vidole vinene utahangaika kidogo, sikufichi.

Besi nazo nizigusie. 4001 ilianza 1961, Paul McCartney wa Beatles alipewa yake ya mkono wa kushoto 1965, na pale karibu na briji besi za miaka hiyo zilikuwa bado na ile pikapu ya sumaku za kiatu cha farasi, wazo la Beauchamp la mwaka 1931 likiwa bado kazini. Chris Squire wa bendi ya Yes alipiga stereo kwenye hizi, Lemmy wa Motörhead alizisukuma mpaka zikanguruma, na wote wawili unawatambua hapohapo. 4001 ilirithiwa na 4003 ambayo bado inatengenezwa.

Na kwa nini hawabadilishi maumbo? Kampuni imebaki mikononi mwa familia ya Hall, mtoto wake John alichukua 1984, kiwanda kiko Santa Ana, hawajawahi kuhamishia magitaa yao nchi nyingine kama walivyofanya wengi, na wanashtaki mtu yeyote anayeiga maumbo yao. Wanatengeneza machache, yanayotaka kununuliwa ni mengi kuliko yanayotoka, kwa hiyo hakuna kinachowasukuma kubadilika. Mi nawaunga mkono.

Haya, gitaa lako sasa. Sauti ya nyuzi 12 hutaipata kwenye nyuzi 6, hilo tukubaliane. Ila ule mng'ao unaweza kuusogelea sana. Kama pikapu zako ni za koili mbili, mwambie fundi azitenganishe ubaki na koili moja. Zishushe mbali kidogo na nyuzi, utapoteza nguvu utapata hewa. Weka kapasita ya 0.0047 kwenye njia ya pikapu ya briji, ipangwe mfululizo na pikapu yenyewe, isiwe ile ya kwenye nobu ya toni inayopeleka sauti kwenye ardhi, mafundi wengi wanachanganya hapo. Washa pikapu zote mbili, amplifaya iwe safi bila mkwaruzo, na mbele yake weka kompresa, kifaa kinachosawazisha nguvu ya noti. Kompresa ni nusu ya sauti ya McGuinn, bila hiyo noti zinakufa mapema, na ndo maana lile gitaa lenye jina lake la mwaka 1988 walimwekea kompresa humohumo ndani.

Ukija kupata Rickenbacker lenyewe la zamani, mambo mawili. Ubao wa vidole umepakwa vanishi ngumu, usiupake mafuta wala usiusugue. Na ndani ya shingo kuna vyuma viwili badala ya kimoja, kwenye yale ya kabla ya katikati ya miaka ya 80 vyuma hivyo havikuumbwa kuikunja shingo, unaikunja kwanza kwa mkono taratibu mpaka inakaa unapotaka, ndo unakaza nati ili ibaki hapo. Fundi akiisukuma kwa nati peke yake anabandua ubao wa vidole, shingo imekwisha. Na feki ni nyingi mno, kwa hiyo kabla hujatoa hela geuza nyuma: 330, 360, 4001 au 4003 yenye shingo iliyofungwa kwa skrubu nne sio Rickenbacker, muachie mwenyewe.